Nyumba ya Sista, Vyombo vya Mtaa

Kwanza ulikuja mkwaruzo. Mbao juu ya saruji, mkwaruzo mrefu wenye meno, kama mtu anayeburuta kitanda cha chuma juu ya mwamba. Kikafuata kimya kidogo, kisha teke, kisha mkwaruzo mfupi zaidi, na sauti ya mwanamke ikilaani kwa Kinubi. Halafu sauti ileile ikaanza kucheka. Nilikuwa bado chini ya blanketi. Mama yangu na mimi tulikuwa tumehamia Awindiri, mtaa mmoja wa mji wa Arua, jioni iliyotangulia, kutoka Adumi, giza limeshaingia, na sikuwa nimeuona hata uso mmoja wa mtaa ule. Asubuhi hiyo, kabla ya kuona chochote, nilijua kwamba nyuma ya ukuta wetu anaishi mtu anayegombana na mlango wake na kuusamehe papo hapo.

Huyo ndiye Sista. Alikuwa mkunga wa hospitali ya serikali, na Arua nzima ilimwita hivyo, Waislamu na Wakristo, wadogo kwake na wakubwa kwake, hata mume wake. Jina alilopewa na wazazi nalijua, lakini sitaliandika, kwa sababu kila nilipolisikia likiitwa yeye mwenyewe aligeuka kutazama ni nani huyo anayetafutwa. Wala sitaanza na kuzaliwa kwake. Hakuna aliyejua alizaliwa lini, naye hakujua, na kutojua huko, kama utakavyoona, nusura kumkoseshe nyumba.

Nyumba yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa na vyumba vitatu, mabati mekundu kwa kutu, na baraza pana lililotazama njia ya kwenda sokoni. Alikuwa ameipanga kwa miaka mingi kwa mfanyabiashara mmoja Mkongo, mtu mnene, mpole, Mkristo wa kuimba kwa sauti, ambaye sote tulimwita Papa. Kila alipokuja kuchukua kodi, Papa aliutazama mlango kwa huzuni ya kweli na kusema, "Kesho, Mama. Kesho nitaleta fundi." Kesho yake ilikuwa ndefu. Mlango ulikuwa umevimba kwa mvua na kuchoka kwenye bawaba, na umechimba sakafuni mfereji uliopinda kama mwezi mwandamo. Watoto wa mtaa walibingirisha gololi humo.

Siku moja nilimuuliza Sista kwa nini asiite fundi mwenyewe. Randa ingemaliza ugomvi ule kabla chai haijapoa.

"Mlango iko ya nani?" akaniuliza.

"Ya Papa."

"Basi kelele pia iko ya Papa. Mimi nalipa kodi ya nyumba, binti yangu. Kodi ya kelele hapana."

Lakini mtu huyohuyo alikuwa amezipaka chokaa kuta zote za nyumba isiyo yake kwa mkono wake mwenyewe, na kila Idi ilipokaribia alizipaka upya. Alipanda waridi mbele ya baraza na kulimwagilia kwa maji aliyoyabeba kichwani. Aliziba matundu ya bati kwa lami. Alikarabati kila kitu isipokuwa mlango. Siku hizi nadhani aliuacha makusudi, umkumbushe kila asubuhi kwamba hajafika.

Hospitalini alijulikana kwa neno moja: bado. Wakunga wengine, kwa huruma, humwambia mama mwenye uchungu kwamba mtoto yuko karibu, amebakiza kidogo tu, jikaze. Sista hakuwa na huruma ya namna hiyo. Alimpima mama, akanawa mikono, akasema, "Bado. Iko mbali bado. Pumzika, safari ni ndefu." Wageni walimchukia kwa nusu saa. Halafu waligundua kwamba Sista anaposema "sasa", ni sasa kweli, na hilo neno lake la sasa lilikuwa na thamani kuliko faraja zote za wodi. Wanawake walisafiri kutoka Koboko, na zahanati wameipita njiani, ili tu waambiwe bado na mtu anayejua.

Kuna kisa ambacho mtaa ulikipenda. Askari mmoja alikuja wodini na bunduki begani, mke wake ndani analia, na yeye anatakiwa kambini. Akamwambia Sista afanye haraka.

"Mtoto hapana jua kambi," Sista akasema.

"Sista, mimi nakwambia fanya haraka!"

"Na mimi nakwambia, hiyo kitu yako haisukumi mtoto. Weka nje, nawa mikono, kuja shika mkono ya bibi yako. Wewe ndiye ulianza kazi hii."

Miaka ile watu walijifunza kutowajibu wenye bunduki. Askari alimtazama, akaitazama bunduki, akaenda kuiegemeza nje chini ya dirisha, akanawa. Alipomwona mwanawe akitoka, alianguka chini chali, na Sista alimruka mara mbili akienda na kurudi kuchukua maji ya moto. Baadaye mtoto huyo, msichana, alipewa jina la Sista, lile jina ambalo mwenyewe alikuwa halikumbuki.

Mtu mkweli namna hiyo, utadhani hakuwahi kusema uongo. Alisema mmoja. Alipokwenda kuomba nafasi katika chuo cha wakunga alikuwa msichana mdogo mno, na masista wazungu waliokuwa wakiandikisha wakamuuliza umri. Akaona wasichana waliosimama mbele yake, warefu, wenye vifua, akajiongezea miaka. Hakuna aliyembishia, maana hakukuwa na cheti. Miaka ile ya bure iliandikwa, ikapigwa muhuri, ikamfuata kazini kama mbuzi aliyefungwa kamba. Hata ikawa kwamba karatasi za serikali zilikuwa zinazeeka haraka kuliko yeye. Mwili wake ulikuwa bado unabeba ndoo mbili kutoka bombani, na karatasi zikasema: imetosha, mwisho wa mwaka astaafu.

"Nilikopa miaka," aliniambia siku barua ilipofika, akicheka mpaka machozi. "Sasa wenyewe wamekuja kudai."

Alicheka, lakini jambo halikuwa dogo. Mshahara wake ndio ulioishikilia nyumba ile. Mume wake, ambaye mtaa ulimwita Mzee, alikuwa na kiinua mgongo cha jeshi kisichonunua zaidi ya tumbaku. Zamani alikuwa mpishi wa askari, na hapa lazima nisimulie habari ya sufuria zake. Mzee hakuweza kupika chakula cha watu wawili. Mkono wake ulifundishwa na kombania, kikosi kizima cha askari wenye njaa, na kombania haikuwahi kuutoka. Akikaangia kitunguu, ni kapu zima. Akipika maharagwe, jirani wa tatu atakula. Sista alimkataza kukaribia meko isipokuwa siku za karamu, na siku zilizobaki Mzee alikaa barazani akiwatazama bata wake kwa jicho la mtu anayekadiria.

"Bata moja inatosha watu wangapi, Mzee?" nilimtania.

"Ukiongeza mchuzi? Wote."

Na sasa vyombo, kwa sababu bila vyombo hadithi hii haiendi. Awindiri hakuna nyumba iliyokuwa na vyombo vya kutosha kwa arusi, na hakuna arusi iliyokosa vyombo. Kila mwenye shughuli aliazima: sahani huku, viti kule, birika kwingine. Ili kila kitu kirudi kwao, kila mwanamke alikuwa na alama yake chini ya sahani. Mama yangu alitumia nukta ya rangi ya kucha, nyekundu. Mke wa muuza nyama alichora msalaba wa kijani kwa rangi ya mafuta. Mwingine alikwaruza mwezi kwa msumari. Baada ya shughuli wanawake walikaa chini wakipindua sahani moja moja, wakiitana kwa alama: "Nukta nyekundu! Msalaba! Nani mwenye pembe tatu?" Na Sista? Sista aliweka alama kwa dawa ya zambarau ya vidonda, ile ya hospitalini, kwa kuwa aliiamini kuliko rangi yoyote. Dawa ile inashika ngozi wiki nzima lakini haishiki bati la sahani hata jioni moja. Ilioshwa, ikaenda, na sahani zake zikaenda nayo. Mwaka baada ya mwaka aliazimisha vyombo na kurudishiwa shukrani. Nilipomfahamu alikuwa amebakiwa na sahani chache zisizofanana, na kawa nzuri za rangi alizosuka mwenyewe kufunikia chakula kisichokuwa na chombo cha kuwekewa.

"Kwa nini hubadilishi rangi?" mama yangu alimuuliza.

"Zambarau iko nzuri," akasema. "Ni sahani ndiyo mbaya."

Barua ya kustaafu ilikuwa haijakunjwa vizuri Papa alipokuja na habari yake. Hakukaa. Alisimama barazani, anazungusha kofia mikononi.

"Mama, mi nauzisha nyumba. Kaka yangu ya Ariwara alishakufa, duka yake haina mutu. Mi narudi kwetu. Kuko mutu moya ya biashara ya kahawa, anataka kunipa franga yote mara moya."

"Na mimi?"

"We ulizalisha batoto yangu bote. Kama unaweza kununua, mi nakupa we mbele. Lakini Mama, siwezi kungoja sana."

Alipoondoka, Sista alikaa kwenye kizingiti, miguu juu ya ule mwezi wa sakafuni. Kama angeikosa nyumba, kulikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda: kwa kaka yake Lurujo, huko Koboko, kwenye boma kubwa lenye wake watatu na mihogo mingi. Alimpenda kaka yake. "Lakini pale mimi nitakuwa shangazi tu," akasema. "Shangazi nalala chumba ya wageni, shangazi nauliza chumvi iko wapi. Mimi nataka kuzeeka mahali najua chumvi iko wapi."

Wakati huo kulikuwa na ofisi ya mikopo ya nyumba iliyomtuma mtu wake Arua kila mwezi. Anayetaka kununua nyumba alipewa fedha, nyumba yenyewe ikawekwa rehani mpaka deni liishe. Ilikuwa kwa watu wenye mshahara. Mimi nilikuwa nimeanza kufundisha shule ya msingi, na kwa kuwa Kiingereza cha Sista kilikuwa cha wodini, maneno ya kusukuma na kupumua, alinichukua nimsomee fomu. Nikamsomea. Kila kitu kilikuwa chepesi mpaka swali lililouliza kama mapato ya nyumba yanatazamiwa kupungua.

Mtaa mzima ulikuwa na jibu la swali hilo. Mzee alisema andika hapana. Mama yangu, mtu wa kanisani, alisema si lazima kuandika hapana, unaweza kuruka tu kama hukuona. Papa, aliyekuwa na faida yake, alisema, "Banki ikikuuliza kesho, jibu ya leo. Leo unapata mushahara? Unapata. Amen."

Sista aliniambia niache mahali pale patupu mpaka mtu wa ofisi aje. Maana ilikuwa desturi yao kumtembelea mwombaji nyumbani, wamwone anavyoishi. Na hapo ndipo Awindiri ilipofanya kosa lake tukufu.

Hakuna aliyewaambia majirani. Waliambiana wenyewe. Mgeni mkubwa anakuja kwa Sista, na Sista hana sahani; ni aibu ya mtaa. Asubuhi ya siku ile walianza kuja, na viti vichwani, na mikeka, na mabirika. Muuza nyama alileta saa ya ukutani yenye kengele. Zililetwa redio tatu, na kwa kuwa hakuna aliyetaka yake iwekwe nyuma, zote zikapangwa mbele. Zililetwa cherehani mbili. Mtu alileta zulia lenye picha ya simba, na mwingine, akiogopa simba atakuwa peke yake, akaleta la tausi. Mzee, aliyeruhusiwa meko kwa mara ya kwanza tangu Idi, alichinja bata bila kuuliza ni wangapi. Kufikia adhuhuri huwezi kuvuka sebule bila kukwaa cherehani.

"Ya salaam," Sista akasema aliporudi kutoka hospitalini. "Nyumba yangu imeolewa."

Mtu wa mikopo alikuwa kijana, suruali imepigwa pasi mpaka ikakata. Alisukuma mlango, mlango ukalia kilio chake chote, akaomba radhi akidhani ameuvunja. Akakalishwa kati ya simba na tausi. Aliangalia redio tatu. Aliangalia saa, ambayo ilichagua dakika hiyo kupiga kengele. Niliona kalamu yake inasita, na nilielewa kwamba tumemharibia Sista: hakuna ofisi inayomkopesha mwanamke mwenye redio tatu.

Chai ikaletwa. Akanywa, akainua kikombe juu kumalizia, na mimi niliyekuwa nimekaa kwenye mkeka nikaiona nukta nyekundu ya mama yangu ikimtazama Mzee. Kijana akaweka kikombe, akainua kisahani. Msalaba wa kijani. Akachukua sahani ya mandazi, akaipindua polepole, mandazi kwanza ameyaweka pembeni kwa adabu. Mwezi wa msumari.

"Mama yangu," akasema, "huweka mistari miwili ya rangi ya kucha. Kwetu Lurujo."

Kisha Sista akaanza kucheka, ule mcheko wa mlango, na akapiga goti lake kwa kiganja.

"Lurujo! Basi wewe huwezi kudanganywa na sahani. Kijana yangu, hapa ndani, kitu yangu ni mume, kawa, na ile waridi nje. Zingine zote iko ya watu. Hata simba."

"Na mshahara?"

"Mshahara iko yangu mpaka mwisho ya mwaka. Baada ya hapo inabaki nusu. Andika, Mwalimu, ile mahali tuliacha: ndiyo, inapungua."

Mzee alifumba macho. Papa, aliyekuwa amejibanza dirishani nje, alisikika akiita jina la Bwana.

"Mama," kijana akasema taratibu, "ungeweza kunyamaza. Karatasi yako ya mwezi huu ni nzuri."

"Mimi nilisema uongo moja, ya miaka. Angalia imenifanya nini. Ya pili nitaweka wapi? Nyumba iko na vyumba tatu tu."

Kijana alipiga mahesabu yake. Kwa nusu mshahara, akasema, ofisi haiwezi kutoa fedha zote alizotaja Papa, wala nusu yake. Aliyasema bila kuzungusha, na nikaona kwamba Sista anamheshimu kwa hilo: alikuwa ameambiwa bado. Hakupunguza ukarimu. Aliagiza chakula kiletwe, na Mzee akaleta pilau ya bata katika sufuria iliyobebwa na watu wawili.

Kijana alikula. Akakaribishwa tena, akala. Akatazama sufuria, ambayo ilikuwa kama haijaguswa, akatazama majirani waliokuwa wamejaa barazani, kila mmoja na sahani, wanakula na bado inabaki.

"Nani amepika?"

"Mimi," Mzee akasema. "Samahani. Ni kidogo leo."

Kijana alicheka mpaka akafungua kifungo cha kola. Kisha akasema jambo ambalo Awindiri ilikuja kulirudia kama methali. "Chungu kisichokuwa motoni siwezi kukiandika kwenye karatasi. Lakini hapa ni njia ya soko. Kiwekeni motoni. Nikirudi nikakikuta kinachemka, nitaandika ninachokiona."

Vyombo havikurudi kwa wenyewe. Hilo ndilo jambo. Wanawake walikuja jioni kuchukua sahani zao, wakakuta Sista amezipanga barazani kwa alama, nao wakasimama, wakaangaliana. Mama yangu ndiye aliyesema kwanza, "Za kwangu ziache. Sina arusi mwaka huu." Msalaba wa kijani ukaacha zake. Mwezi ukaacha zake. Viti vikabaki. Redio ziliondoka, na simba, lakini saa ikabaki, ili wateja wasichelewe sokoni. Keshokutwa yake Mzee aliwasha moto kabla ya jua na kupika maharagwe kwa kombania, na kombania ikaja: wapagazi, wauza samaki wa kukausha kutoka mtoni, akina mama wa Adumi waliokuja na mihogo. Miaka ile sukari ilikuwa ya kunong'onezwa na chumvi ilipimwa kwa kijiko, lakini Mzee alijua kupika bila vitu; jeshi lilimfundisha hilo pia. Watu waliita pahali pale Hoteli ya Vyombo vya Watu, na aliyekula akapindua sahani kuona leo amekula katika sahani ya nani.

Sista alistaafu, akavua sare, akavaa gurbaba lake la maua, kitambaa cha kujifunga cha wanawake wa Kinubi, na akagundua hawezi kuhudumia chakula bila tabia ya wodini. "Sista, pilau?" "Bado." "Sista, nimechelewa kazini." "Pumzika. Safari ni ndefu." Hakuna aliyeondoka. Walijua akisema sasa, ni sasa.

Mwenye kahawa alikuja mara mbili na mfuko wake. Papa alimkalisha hapohapo barazani, akamlisha maharagwe, akamwomba avumilie. Mara ya pili mwenye kahawa hakuvumilia, alipiga meza. Siku chache baadaye kijana wa mikopo alirudi, akakaa pembeni bila kujitambulisha kwa yeyote, akala, akahesabu vichwa. Mkopo alioutoa ulikuwa mdogo kuliko bei. Sote tulikuwapo Papa alipoletewa habari. Aliutazama mlango, ambao mteja mmoja alikuwa anaufungua kwa bega.

"Kila siku nakula hapa," akasema, "mulango ile inanililia. Inanikumbusha ile kesho yangu yote. Mama, ile franga inapunguka ni bei ya mulango; mi naitoa ku bei ya nyumba."

"Mlango moja iko bei hiyo yote?" Sista akashangaa.

"Na kelele. Natoa na kelele. Na mi nikikuja Arua, nitakula bure mpaka nife."

Wakapeana mikono. Alikufa lini sijui, lakini najua kwamba alikula.

Kitu cha kwanza Sista alichofanya na nyumba yake mwenyewe ni kuita fundi na randa. Maranda yalianguka kizingitini, meupe, yakinukia msitu, na mlango ukazunguka juu ya bawaba mpya kimya kama mkono hewani. Asubuhi iliyofuata Awindiri yote ilichelewa. Mimi nilichelewa shule. Muuza nyama alichelewa kuchinja. Hatukuwa tumejua kwamba miaka yote ile tulikuwa tunaamshwa na ugomvi wa mtu na mlango usio wake.

Mara ya mwisho nilipomwona ulikuwa mwaka wa vita, mwaka ambao njia ya Koboko ilijaa magodoro. Shule ilikuwa imefungwa. Mama yangu alikuwa ameshavuka kwenda kwa jamaa upande wa Kongo, nami nilikuwa nifuate siku ile. Nilipitia kwa Sista kuaga, nikidhani nitakuta kufuli.

Nilikuta baraza limejaa. Watu waliokuwa njiani, na watoto, na kuku waliofungwa miguu, wote wanakula. Mzee alikuwa mekoni, shati limelowa, anakoroga kwa mwiko mkubwa kama kasia, na uso wake uling'aa. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amepika kiasi kilichotakiwa hasa. "Umeona?" akaniambia. "Haibaki!"

Sista alikuwa amekaa chini uani, sahani zimemzunguka. Alikuwa anazirudisha. Kila mwenye alama aliyepita njiani alisimamishwa, akapewa vyake, vimefungwa kwa kamba ya mgomba. Alizipindua moja moja, akasoma, akaita. Nilipomfikia akanikabidhi za mama yangu, zote, nukta nyekundu zikiwa zimefifia lakini zinaonekana.

"Na wewe, Sista? Utaondoka lini?"

"Wale wa mwisho wakishakula. Nitakwenda Lurujo kidogo, nitakuwa shangazi, kisha nitarudi."

"Na mkopo? Hata ofisi haijulikani kama ipo."

"Bado kidogo. Karibu uishe." Akanitazama, na mcheko ukapita machoni mwake. "Mimi hapana danganya. Kama iko mbali bado, wewe unajua, ningesema."

Nilijua. Nilimkumbatia, alinukia moshi na waridi. Akanisindikiza kupitia sebuleni, kwa kuwa baraza lilipojaa nilikuwa nimezunguka na kuingilia uani, na akanifungulia mlango wa mbele. Mfereji ule wa mwezi bado ulikuwa sakafuni; hakuruhusu uzibwe. Nikaweka sahani kichwani, nikauvuka.

"Tembea pole pole," akasema. "Vyombo vya watu."

Nilipofika kwenye waridi nilisimama kumsikiliza, kwa mazoea, nikingoja mkwaruzo. Haukuja. Mlango ukafungwa nyuma yangu kimya, kama mlango wa mwenye nyumba.